Kabla ya kuvuka bahari kumtafuta bibi

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa maswali ya wasomaji, binti mmoja wa Dar es Salaam aliuliza afanye nini ili ajue asili ya bibi yake mzaa baba: Mgoa, yaani mtu wa Goa, pwani ya magharibi ya India, aliyeolewa Unguja miaka michache kabla ya Vita vya Pili, akafia na kuzikwa Dar es Salaam. Alichonacho mkononi ni jina, picha moja iliyofifia na neno "Goa". Akajibiwa mambo mawili: apime DNA, kisha aingie mtandaoni atafute orodha za abiria wa meli. Jibu hilo si la uongo, ila limeanzia mkiani. Naomba nafasi nimwonyeshe pa kuanzia.

Nianze na hizo meli, maana ndizo zinazowapotezea watu miezi. Orodha za abiria zilizohifadhiwa London, ambazo leo mtu huzisoma mtandaoni, ni za meli zilizoingia au kutoka bandari za Uingereza. Za New York ni za waliofika Marekani. Mtu aliyepanda meli ya kampuni ya British India kule Bombay akateremka Mombasa au Unguja hakugusa bandari hizo, kwa hiyo hayumo. Binti akiandika "Fernandes" kwenye kisanduku cha kutafutia ataletewa akina Fernandes tele, wengine mabaharia, wahudumu na wapishi wa melini, na hatari ni kwamba mmoja wao atafanana mno na anayemtaka. Kosa pacha la hilo ni kupekua kumbukumbu za India ya Waingereza. Goa ilikuwa mikononi mwa Wareno tangu 1510 hadi Desemba 1961. Mgoa aliyezaliwa kwao wakati huo alikuwa raia wa Ureno, na vitabu vya Waingereza havikuwa na sababu ya kumwandika ila kama aliishi kwao.

DNA nayo ina kazi yake, mradi iulizwe inachokijua. Ile sehemu yake iitwayo ya mitokondria, mama huwapa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu wanaoiendeleza. Bibi mzaa baba alimpa baba. Baba hakumpa binti. Kwa hiyo binti huyu akipima mitokondria yake mwenyewe atasomewa asili ya mama yake mzazi, na majibu yatakuja mazuri yenye ramani ya rangi, yakimhusu mwanamke mwingine kabisa. Apimwe baba kama yu hai, au shangazi, au mtoto wa shangazi. Kipimo cha jumla, kinachosoma DNA ya pande zote, kitamwonyesha kwamba takriban robo yake imetoka kwa bibi huyo, na hapo ndipo kinaishia: hakitaji kijiji. Tena ndugu wa mbali atakaoorodheshewa wataonekana wa karibu kuliko walivyo, kwa kuwa watu wa vijiji vya Goa wameoana wenyewe kwa wenyewe karne nyingi. Kipimo hiki kitamfaa mwishoni, akishapata familia kule na kutaka kuhakikisha ndiyo yenyewe.

Kinachotafutwa ni parokia aliyobatiziwa bibi. Goa ni ndogo, lakini kila parokia ina kitabu chake, na bila jina la parokia mtu anasimama mbele ya kabati asijue avute droo ipi. Habari njema ni kwamba jina hilo, kwa mwanamke aliyefunga ndoa kanisani Unguja, lina kila sababu ya kuwa limeandikwa hukuhuku.

Kabla ya kwenda kanisani akae na shangazi zake na wazee wengine waliomjua bibi. Asiwaulize bibi alizaliwa mwaka gani. Watamtajia mwaka ili kumridhisha, kisha mwaka huo utamfunga macho. Aulize mambo yenye tarehe zake nje ya familia. Bibi alipofika Unguja, mahari na mishahara vilihesabiwa kwa rupia au kwa shilingi? Rupia iliendelea kutumika Zanzibar hadi mwanzo wa 1936, wakati bara ilikuwa imeshaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya vita au vita vikiwa vimeanza? Nani alikuwa mkubwa, baba au kaka yake aliyefariki mdogo? Watoto waliofariki wadogo wasahauliwapo, hesabu yote ya miaka huyumba.

Swali moja lina thamani kuliko yote, nalo watu hawalifikirii: bibi alikuwa akiadhimisha sikukuu ya mtakatifu gani nyumbani, na mwezi gani? Mgoa hubeba mtakatifu wa kanisa la kijiji chao popote aendapo. Aldona ni Mtakatifu Tomaso, Siolim ni Mtakatifu Antoni, Benaulim ni Yohane Mbatizaji, Raia ni Bikira Maria wa Theluji. Saligão ni Mama wa Mungu. Colva watu humkumbuka Mtoto Yesu, ambaye sikukuu yake ni ya Oktoba. Shangazi anaweza kuwa amelisahau jina la kijiji, lakini hajasahau siku nyumbani kulipopikwa sorpotel, kile kitoweo cha Kigoa cha nyama ya nguruwe, na wageni wakaja. Watakatifu wengine wana makanisa kadhaa kule, kwa hiyo jibu hili halimalizi kazi, linapunguza droo.

Ile picha aigeuze nyuma. Studio za zamani za Unguja kama ile ya A. C. Gomes, ambaye mwenyewe alikuwa Mgoa, ziligonga jina lao kwenye kadi. Jina la studio na mtindo wa kadi humpa mtu muongo ambao picha ilipigwa, na wakati mwingine nyuma kuna maneno kwa penseli. Asiibandue picha kwenye albamu kwa kisu. Aipige picha ikiwa hapohapo, mwanga ukitokea ubavuni, na maandishi ya penseli yaliyofifia yatajitokeza.

Sasa twende Minara Miwili. Kanisa lile la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe lilijengwa miaka ya 1890, lakini mapadre wa Kifaransa walikuwapo Unguja tangu 1860, na Wagoa walikuwa sehemu kubwa ya waumini wao. Watu wengi hufika ofisi ya parokia wakaomba cheti cha ubatizo. Hapo wanakosea mara mbili. Bibi aliyekuja akiwa msichana mkubwa hakubatizwa Unguja, kwa hiyo wataambiwa hayumo, na watarudi nyumbani. Na hata kama yumo, cheti ni muhtasari: kinabeba mistari minne mitano kati ya yote iliyo kitabuni. Kinachotakiwa ni ndoa, si ubatizo. Na ni ukurasa mzima wa kitabu, si cheti. Aombe kwa adabu aruhusiwe kuuona ukurasa au apewe nakala yake pamoja na yaliyoandikwa pambizoni, akieleza uhusiano wake na kuonyesha vyeti vya baba na vyake mwenyewe. Paroko ana haki ya kukataa kumpa mgeni kurasa za watu wengine, kwa hiyo aende na mwaka au miaka anayoikadiria, asiombe kuachiwa kitabu apekue.

Kama mwaka haujulikani vizuri, kalenda ya Kanisa yenyewe inasaidia. Sheria ya zamani ilizuia baraka za sherehe za ndoa wakati wa Majilio na Kwaresima, hivyo harusi zilirundikana Januari na Februari kabla ya Jumatano ya Majivu, kisha baada ya Pasaka hadi Novemba. Msaidizi wa ofisi akiombwa aanze na miezi hiyo, kazi ya siku nzima inakuwa ya saa moja.

Maingizo ya wakati huo ni ya Kilatini. Ya ndoa hufanana na hili nililolitunga kwa mfano: "Die 10 Februarii 1934 matrimonio conjunxi…" likafuata jina la bwana harusi na wazazi wake, kisha "…et Mariam Fernandes, filiam legitimam Caetani Fernandes et Annae Ritae de Souza, e paroecia Benaulim, Goa." Hapo kuna kila kitu. Lakini tazama mitego. "Mariam" si jina lake; ni Maria, limevaa mkia wa Kilatini kwa sababu yeye ndiye aliyeozwa. Wapo walioona "Mariam" wakahitimisha kwamba bibi alikuwa Mwislamu aliyebadili dini, na familia nzima ikaanza kusimulia hivyo. "Caetani" ni "wa Caetano", na "Annae Ritae" ni "wa Ana Rita". Majina mengine hubadilika mpaka sura: Luis huandikwa Ludovicus au Aloysius, Tiago ni Jacobus, Diogo ni Didacus, Manuel ni Emmanuel, Isabel ni Elisabeth. Nyumbani wakisema baba yake bibi alikuwa Tiago na kitabu kikisema Jacobi, huyo ni mtu mmoja. Likiwapo neno "defuncti" au "defunctae" kabla ya jina la mzazi, mzazi huyo alikwisha fariki siku ya harusi. Hilo nalo ni tarehe, maana linampa kikomo cha kutafutia kifo chake kule Goa. Akiitwa "vidua", bibi alikuwa mjane, na kuna ndoa ya kwanza ambayo pengine hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuisikia.

Mara nyingine kuna kijisentensi kinachosema wawili hao walipewa ruhusa kwa sababu ya udugu: "dispensati super impedimento consanguinitatis". Watu hukiruka wakidhani ni maneno ya dua. Kisirukwe. Kwa hesabu ya Kanisa ya wakati ule, daraja la pili ni watoto wa ndugu wawili, yaani bwana na bibi harusi walikuwa na bibi na babu wamoja. Daraja la tatu ni wajukuu wa ndugu wawili. Hadi 1918 udugu ulizuia ndoa mpaka daraja la nne, na baada ya hapo mpaka la tatu. Ikiandikwa "in tertio gradu", mti wa bibi na mti wa babu hukutana vizazi vitatu juu, na mtu anayejua ukoo wa babu ameshajua nusu ya kazi.

Kuna kitu kingine nje ya kitabu, nacho ndicho hasa ninachomwombea binti huyu akipate. Paroko hakuweza kufungisha ndoa bila uthibitisho kwamba wote wawili wamebatizwa na hawana ndoa nyingine. Kwa bibi aliyetoka Goa, uthibitisho huo ulikuwa karatasi iliyoandikwa na paroko wa kijiji chao, ikatumwa Unguja. Karatasi hizo huhifadhiwa katika majalada ya ndoa, yamefungwa kwa mwaka, mbali na kitabu kikubwa. Kitabu kina jalada gumu na hutunzwa kabatini. Majalada ni karatasi nyepesi za pwani, na mchwa na unyevu huanza nayo. Kwa hiyo aulize kwa maneno hayohayo, "majalada ya ndoa ya mwaka fulani", kwa sababu asipoyataja ataonyeshwa kitabu tu. Yakiwapo, jina la parokia ya Goa, tarehe ya ubatizo na pengine majina ya wasimamizi wa ubatizo atayapata bila kuondoka Mji Mkongwe.

Na kama ndoa haionekani kabisa? Basi wasifikiri haraka kwamba haikufungwa. Huenda ilifungwa kulekule Goa: vijana wa Kigoa waliokuwa makarani, washonaji na wapishi huku walirudi nyumbani kwa likizo ndefu, wakaoa, wakarejea na mke. Hapo njia ni kupitia watoto. Aandike watoto wote wa bibi kwa mpangilio na atafute ubatizo wa kila mmoja Minara Miwili. Akikuta wa pili, wa tatu na wa nne wapo na wa kwanza hayupo, asikasirike. Hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Ilikuwa desturi mwanamke kwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Mtoto huyo alibatizwa katika parokia ya kwao bibi, si ya babu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkubwa, au pasipoti yake ya zamani, itataja mahali hapo. Pasipoti za Kireno za wakati huo zilikuwa na mstari wa "naturalidade", yaani mahali pa kuzaliwa, na ndio unaotakiwa. Aangalie pia pasipoti ya babu, kwa sababu wake wengi waliandikwa ndani ya pasipoti ya mume na hawakuwa na yao.

Katika ubatizo wa watoto asome majina ya wasimamizi, yaliyoandikwa baada ya "patrini". Nusu ya nyakati ni jirani au mwajiri, lakini mwanamke mwenye jina la ukoo wa bibi la kabla ya kuolewa akionekana mara mbili katika watoto wawili, huyo karibu hakika ni dada au shangazi yake aliyekuja naye huku. Huyo naye afuatwe. Dada wa bibi aliyeolewa Mombasa au Nairobi anaweza kuwa ameacha karatasi ambazo bibi mwenyewe hakuacha.

Dar es Salaam nitaipitia upesi. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la pale lilijengwa na Wabenediktini wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, na kuanzia 1921 likawa chini ya Wakapuchini wa Uswisi. Kitabu cha marehemu kitampa tarehe ya kifo, umri wa kukadiria na jina la padre. Umri unaoishia na sifuri au tano auchukulie kama makisio ya waliokuwa msibani. Cheti cha kifo cha serikali, ambacho sasa huombwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kinafaa zaidi kwa jina la mtu aliyetoa taarifa kuliko kwa habari za marehemu. Kwa matukio ya Unguja aulize Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kwa majalada ya zamani ya mirathi aanzie Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Jalada la mirathi ya babu ni bora kuliko la bibi: lazima liwataje warithi, na mke yumo. Gazeti rasmi la serikali nalo, la Zanzibar tangu 1892 na la Kenya tangu 1899, lilitangaza mirathi na kuteuliwa kwa makarani. Mwanamke huonekana humo anapokuwa mjane tu, lakini mumewe huonekana mapema, na kituo alichopangiwa humwambia mtu atafute vitabu vya parokia ipi.

Akishapata jina la kijiji, ndipo avuke bahari, kwa barua kwanza. Na hapa kuna kosa linalowarudisha watu mwanzo. Wilaya zilizotoa wahamiaji wengi wa Kigoa ni Bardez na Salcete. Jina hilo la pili lina pacha: Salsette, kisiwa ambacho jiji la Bombay limeenea juu yake, nacho kina Wakatoliki wa zamani wenye majina ya Kireno vilevile. Karani wa Unguja aliyeandika "Salsette" huenda alikusudia hii au ile. Mangalore nako kuna akina D'Souza na Pinto wengi. Kwa hiyo jina la Kireno peke yake halimthibitishi mtu kuwa Mgoa, wala majina mawili yanayofanana hayathibitishi undugu. Majina hayo walipewa watu walipobatizwa, mara nyingi kwa kufuata jina la padre au la msimamizi, na familia zisizohusiana katika kijiji kimoja zikatoka na jina moja. Na tahajia isimsumbue: Sousa, Souza, de Souza na D'Souza ni jina moja kwa makarani wanne tofauti.

Mwaka wa kuzaliwa ndio utakaomwambia agonge mlango upi. Usajili wa serikali wa vizazi Goa ulianza 1914. Bibi aliyeolewa mwaka 1934 akiwa na miaka 22 alizaliwa 1912, kwa hiyo yumo katika kitabu cha parokia tu. Mdogo wake aliyezaliwa 1916 atakuwamo katika vitabu vya serikali, na yule mdogo ndiye wa kumtafuta kwanza, kwa sababu ingizo la serikali hutaja wazazi pamoja na bibi na babu wa pande zote mbili. Ingizo moja la mdogo mtu linampa binti vizazi viwili juu ya bibi yake. Nakala iombwe kwa msajili wa wilaya husika, Mapusa kwa Bardez na Margao kwa Salcete. Vitabu vya zamani zaidi viko hifadhi ya nyaraka Panaji. Neno la kukumbuka ni "teor". Ukiomba cheti tu, utapewa fomu fupi iliyojazwa upya kwa Kiingereza. Ukiomba cheti cha teor, utapewa nakala ya ingizo zima kwa Kireno pamoja na maandishi ya pambizoni.

Hayo ya pambizoni yana hadithi yake. Kwa amri ya Papa iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, parokia iliyofungisha ndoa ilitakiwa iijulishe parokia ya ubatizo, nayo iandike ndoa hiyo kando ya ingizo la ubatizo. Kwa hiyo kitabu cha kijiji, kando ya ubatizo wa Maria fulani wa 1912, kinaweza kuwa na mstari wenye wino tofauti unaosema aliolewa Zanzibar, na nani, siku gani. Hakuna uthibitisho ulio imara kuliko huo kwamba huyu Maria ndiye, kati ya Maria kumi waliobatizwa mwaka ule. Ukikosekana, haimaanishi si yeye. Barua nyingine zilipotea melini au zilikaa mezani.

Akiuona ukurasa wa ubatizo asitafute jina la ukoo. Katika vitabu vya zamani mtoto hupewa jina la kwanza tu, na ukoo unasomwa kwa baba. Atafute "filha legítima de", yaani mtoto wa ndoa wa, na "natural de", mzaliwa wa. "Pae incognito" ni baba asiyejulikana, na aliyekutana na maneno hayo ayapokee tu. Tahajia ni ya kale: "mez" kwa mwezi, "anno" kwa mwaka, "pae" kwa baba. Tarehe huandikwa kwa maneno, lakini mwezi hufupishwa, na hapa wengi huanguka: "7bro" si Julai. Ni Septemba, kwa kuwa "sete" na "septem" ni saba. "8bro" ni Oktoba, "9bro" ni Novemba, na "10bro" au "Xbro" ni Desemba. Anayesoma 7bro kama mwezi wa saba atatafuta ubatizo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Vijiji vingi vina pia kumbukumbu za comunidade, ule ushirika wa zamani wa ardhi. Zinaandika wanaume tu, ukoo kwa ukoo. Bibi hayumo, ila baba yake anaweza kuwamo kama ukoo wao ulikuwa wa wenye kijiji, na si kila familia ilikuwa hivyo. Hatua hii ni ya baada ya kumpata baba kwa jina, si kabla.

Barua kwa paroko wa Goa iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, na iombe ingizo moja. Atoe jina la bibi la kabla ya kuolewa, majina ya wazazi wake jinsi yalivyo katika kitabu cha Minara Miwili, miaka mitatu ya kutafutia, na kitongoji, kinachoitwa "vaddo" kule, kama kimo katika karatasi. Aambatishe nakala ya ukurasa wa ndoa. Barua inayosema "naomba historia ya familia ya Fernandes" hukaa bila majibu, na paroko halaumiwi. Asiitume Novemba wala mwanzoni mwa Desemba: novena ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri huanza tarehe 24 Novemba na sikukuu ni tarehe 3 Desemba, kisha Noeli, na ofisi za parokia huwa na wahamiaji waliorudi nyumbani wakidai vyeti vyao ana kwa ana. Mwishoni mwa Januari foleni huwa imepungua.

Mfasiri wa nyaraka za Kilatini na Kireno,
Mji Mkongwe, Zanzibar